TAHARIRI: Jina la Februari na Mwezi Tulioacha Kuutazama

Kila sifa njema inamstahiki Allah (s.w.), Aliyeumba jua na mwezi kwa hesabu isiyokosea, na akaufanya mwandamo kuwa alama ya nyakati kwa waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, mwanzoni mwa mwezi huu ulizunguka katika baadhi ya misikiti yetu ya Musoma mchapisho wa kurasa mbili, usio na jina la mwandishi wala la taasisi, ukisema kwamba Februari ni jina la sanamu la Warumi wa kale, na kwamba Muislamu anayelitamka au kuliandika amelitukuza sanamu hilo na ameingia katika shirki. Mchapisho huo ukaongeza kuwa siku ya tarehe 14 ya mwezi huu, ambayo vijana wanaiita Siku ya Wapendanao, ndiyo ile ile sikukuu ya Warumi ya mbwa mwitu, iliyobadilishwa jina na Papa.

Tungeliweza kuupuuza. Lakini hapa Makoko mzazi mmoja alikuja madrasa akitutaka tufute tarehe ubaoni kabla mtoto wake hajaingia darasani, na mtoto mwingine wa darasa la tano alikataa kuandika tarehe katika daftari lake la shule, akarudishwa nyumbani kumwita mzazi wake. Jambo linapofika kwa watoto, na linapobeba neno zito kama shirki, kulinyamazia si hekima. Tumeona tulisemee kwa elimu, na tuseme pia kile ambacho mchapisho haukukigusa, nacho kwa maoni yetu ndicho kikubwa zaidi.

Tuanze na Warumi wenyewe, maana anayetaka kuhukumu jambo ni lazima kwanza alijue. Kwa mapokeo yao, mwaka wao wa kale ulikuwa na miezi kumi tu, ukianzia Machi na kuishia Desemba. Ndiyo maana hadi leo Septemba ina maana ya mwezi wa saba, Oktoba wa nane, Novemba wa tisa na Desemba wa kumi, ingawa kwa hesabu ya sasa miezi hiyo ni wa tisa hadi wa kumi na mbili. Siku za baridi zilizobaki baada ya Desemba hazikuwa na mwezi wowote. Mapokeo hayo hayo yanamtaja mfalme wao wa pili, Numa, kuwa ndiye aliyeongeza Januari na Februari. Kwa muda Februari ulihesabiwa kuwa mwisho wa mwaka, na kwa sababu hiyo ukawa mwezi wa kujitakasa kabla ya kuingia mwaka mpya. Mwanachuoni wao Varro, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Masihi, anaeleza kwamba neno februum lilitoka kwa kabila la Wasabini, na maana yake ni utakaso. Vitu walivyojitakasia, kama vile sufu na ngozi ya mnyama wa kafara, viliitwa februa.

Ndani ya mwezi huo walikuwa na siku tisa za wafu, kuanzia tarehe 13 hadi 21, ambazo ndani yake familia zilipeleka makaburini shada za maua, nafaka, chumvi na mkate uliolowekwa katika divai ili kuzituliza roho za wazee wao. (Anayeyajua matambiko yanayofanywa makaburini katika vijiji vyetu hataiona habari hii kuwa ngeni.) Na tarehe 15 ndiyo ilikuwa sikukuu ya Lupercalia. Makuhani walikusanyika penye pango chini ya kilima cha Palatine, mahali walipoamini kuwa mbwa mwitu jike aliwanyonyesha Romulus na Remus, waasisi wa mji wao. Wakachinja mbuzi na mbwa, wakawapaka vijana wawili damu kwenye paji la uso na kuifuta kwa sufu iliyochovywa katika maziwa, na vijana hao wakatakiwa wacheke. Kisha ngozi ya mbuzi ikakatwa vipande, na vijana waliovaa ngozi tu kiunoni wakakimbia mjini wakiwachapa watu kwa vipande hivyo. Wanawake waliotaka uzazi walijitokeza wenyewe wachapwe. Katika sikukuu hiyo, mwaka wa 44 kabla ya Masihi, Marcus Antonius, mmoja wa wakimbiaji, ndipo alipomtolea Julius Caesar taji la ufalme mbele ya watu.

Basi mchapisho haukusema uongo mtupu. Ni kweli kwamba jina hili limezaliwa ndani ya ibada za kishirikina. Mungu aitwaye Februus anatajwa na waandishi wa zama za mwisho za Rumi, ijapokuwa wazee wao waliotangulia, kama Varro huyo na mshairi Ovid, walilirudisha jina la mwezi kwenye utakaso. Na Februari si peke yake. Januari imetokana na Janus, mungu wao wa milango mwenye nyuso mbili. Machi imetokana na Mars, mungu wao wa vita. Julai na Agosti ni majina ya watawala wao wawili, Julius Caesar na Augustus. Kama hukumu ya mchapisho ni sahihi, basi anayeikataa Februari na kuikubali Machi hajafanya lolote.

Swali la kisharia ni hili: je, kulitaja jina ni kuliabudu lililokuwa nyuma yake?

Hapa tunawaomba ndugu zetu watulie pamoja nasi. Katika nasaba ya Mtume wetu (s.a.w.) yumo babu yake Abd Manaf, na Manaf lilikuwa sanamu la Makureshi. Hakuna Muislamu anayeruhusiwa kumwita mwanawe jina hilo. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwaita jamaa zake kwa jina la ukoo huo alipopanda kilima cha Safa kuwaonya. Ibnul Qayyim (r.h.) ameifafanua tofauti hii katika kitabu chake cha hukumu za watoto wachanga: kuanzisha jina ni jambo moja, na kumtambulisha mtu kwa jina ambalo tayari anajulikana kwalo ni jambo jingine, tena lenye wasaa zaidi. Mtoto wa darasa la tano anayeandika tarehe hajampa mwezi jina. Ameeleza tu siku ambayo watu wote wanaijua kwa jina hilo.

Tena tuyatazame majina ya miezi yetu wenyewe. Muharram, Safar, Rabii, Jumada, Rajab na Ramadhani hayakuja na Uislamu, bali yalikuwapo katika Jahiliya. Watu wa lugha wamesema Rabii ni majira ya malisho, Jumada ni kuganda kwa maji, na Ramadhani ni ukali wa joto. Rajab ulitukuzwa na washirikina, na walichinja ndani yake kafara waliyoiita atira. Uislamu uliiondoa kafara na kuliacha jina. Ulichokipiga vita Uislamu kwa nguvu zote katika kalenda ya Waarabu kilikuwa ni nasii, yaani kuiahirisha miezi mitukufu na kuihamisha mahali pake ili vita na biashara vifuate matamanio ya watu. Jambo hilo ndilo lililokemewa katika Surat at-Tawba, aya ya 37, baada ya aya ya 36 kuthibitisha kuwa miezi ni kumi na miwili, na minne kati yake ni mitukufu. Na ajabu ya mambo ni kwamba Warumi nao walikuwa na nasii yao, na mahali pake palikuwa ndani ya Februari hiyo hiyo: makuhani wao waliingiza mwezi wa ziada karibu na mwisho wa Februari, na wakaufanyia hila ili kurefusha au kufupisha muda wa watawala, hadi mahesabu yakaachana kabisa na majira. Caesar alipokuja kuyanyoosha, mwaka wa 46 kabla ya Masihi ulilazimika kuwa na siku 445.

Hatutaki kuficha kauli iliyo kinyume na mwelekeo wetu, maana amana ya elimu haikubali. Ibn Taymiyya (r.h.) amenukuu katika Iqtidhaa as-Siraat al-Mustaqiim kwamba Imam Ahmad bin Hanbal (r.h.) aliulizwa kuhusu majina ya Kifursi ya siku na miezi ambayo maana zake hazijulikani, naye akayachukia machukio makubwa. Ibn Taymiyya akaeleza sababu: huenda jina lisiloeleweka likabeba maana iliyo haramu, na Muislamu hapendezewi kuzoea lugha ya wengine pasipo haja. Tunaiheshimu kauli hiyo, na tunamuunga mkono anayeifuata kwa nafsi yake. Lakini kuchukia ni daraja moja na shirki ni daraja nyingine, na umbali uliopo baina yake ni sawa na umbali wa ardhi na mbingu. Waislamu wa Sham na Iraq mpaka leo wanauita mwezi wa Julai Tammuz, na Tammuz alikuwa mungu wa watu wa Babeli. Wakulima wa Misri kwa karne nyingi wamepanda na kuvuna kwa miezi ya Kikibti, na miongoni mwayo Tut na Hatur ni majina ya miungu ya Mafirauni. Wanavyuoni wa nchi hizo wameishi na majina hayo, wameyaandika katika vitabu vyao, na hatukusoma kwamba walimtoa mtu katika mila kwa kuyatamka.

Na anayetaka kuepukana na jina la Kirumi, lugha yetu imeshamfungulia mlango. Watu wetu wengi hawasemi Februari hata kidogo. Wanasema mwezi wa pili, na maneno yanaishia hapo. Kiswahili kimejengwa juu ya hesabu namna hii. Baada ya Ijumaa tunahesabu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kisha ndipo inapoingia Alhamisi, ambayo nayo kwa Kiarabu ni ya tano, na kwa hiyo juma letu lina siku mbili za tano! Wazee wa pwani walifanya hivyo hivyo kwa miezi ya mwandamo: baada ya Ramadhani wakahesabu Mfungo Mosi, ambao ni Shawwal, Mfungo Pili, Mfungo Tatu ambao ni mwezi wa Hija, mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na kurudi Ramadhani. Mwaka mzima ulipimwa kwa umbali wake na mwezi wa funga. Tunauliza: ni vijana wangapi katika safu zetu leo wanaojua kuwa Mfungo Sita ndio mwezi aliozaliwa Mtume (s.a.w.)?

Kuhusu Siku ya Wapendanao tutasema kwa ufupi, kwa sababu hukumu yake haina utata kwetu. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu Jahiliya, akawaeleza kuwa Allah amewabadilishia kwa zilizo bora kuliko hizo, Idi ya Kuchinja na Idi ya Fitri, kama alivyopokea Abu Dawud kutoka kwa Anas (r.a.). Jina la mwezi halikuulizwa. Sikukuu ndiyo iliyobadilishwa. Muislamu hana haja ya siku ya tarehe 14 ili ampende mkewe, na kijana hana ruhusa ya kuifanya kisingizio cha kukutana faragha na binti wa watu.

Lakini, ndugu zetu, tusiitetee haki kwa habari zisizothibiti. Mchapisho unadai Papa Gelasius aliigeuza Lupercalia kuwa sikukuu ya Valentine. Kinachojulikana ni kwamba Papa huyo, aliyeongoza kanisa la Rumi kuanzia mwaka 492 hadi 496, aliwakemea kwa barua Wakristo waliokuwa bado wakiishiriki Lupercalia. Kwamba aliweka sikukuu ya wapenzi mahali pake, hilo halina ushahidi. Kulihusisha jina la Valentine na mapenzi kunaonekana kwa mara ya kwanza katika mashairi ya Kiingereza ya karne ya 14, kwa Chaucer, karibu miaka tisa mia baada ya Gelasius. Na Kanisa Katoliki lenyewe liliiondoa kumbukumbu ya Valentine katika kalenda yake kuu mwaka 1969. Hapa Makoko tunaishi mlango kwa mlango na majirani zetu Wakatoliki. Seminari yao iko hapa, na wageni wamekuja hapa kujifunza Kiswahili tangu miaka ya 1960. Wakituuliza na tukawajibu kwa karatasi isiyo na mwenyewe, aibu itakuwa ya nani? Qur'ani imetuamrisha uadilifu hata kwa tunaotofautiana nao.

Sasa tuje kwenye lile ambalo mchapisho haukuligusa.

Baada ya mzozo ule wa ubao, tuliwauliza wanafunzi wetu: leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Walikuwa zaidi ya thelathini, na baadhi yao wamehifadhi majuzuu. Hakuna aliyejua. Tukawauliza watu wazima baada ya swala ya Magharibi, wakatazamana. Na tukiri pasipo kujitetea: sisi walimu nasi tulilazimika kufungua simu. Mtoto mmoja tu, aliyekaa nyuma, alinyanyua mkono akasema, "Ustadhi, mwezi ni mkubwa. Baba hajaenda ziwani siku ya tatu leo." Baba yake anavua dagaa.

Wakazi wa mialo yetu hawahitaji kuelezwa maneno ya mtoto huyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola na za betri. Mwezi unapokomaa na kuangaza ziwa zima, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika nchi kavu wakishona nyavu. Giza linaporudi, mitumbwi inatoka. Kwa hiyo mvuvi wa Makoko, awe Muislamu au asiwe, anaujua umri wa mwezi kwa tumbo lake, ilhali sisi ambao saumu yetu, hija yetu, zaka yetu na eda za wanawake wetu zimefungamanishwa na mwezi huo huo, tunaukumbuka mara mbili kwa mwaka, tena kwa kugombana. (Mjadala wa mwandamo wa kitaifa na wa kimataifa hatuufungui hapa. Kila msomaji anajua umetuchosha kiasi gani.)

Anayedhani hili ni jambo la mapambo na asikilize kisa hiki. Dada yetu mmoja katika jamaa hii, ambaye kazi yake ni kununua dagaa mwaloni na kuanika, alifiwa na mumewe mwezi ukiwa wa siku 17. Hakuwa mjamzito, kwa hiyo eda yake ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Surat al-Baqara, aya ya 234. Jamaa wa marehemu wakachukua kalenda ya ukutani, wakahesabu miezi minne ya kizungu, wakaongeza siku kumi, na kumwekea alama ya kalamu nyekundu. Lakini miezi ya Sharia ni ya mwandamo. Minne kati yake hufanya siku 118 hivi, wakati minne ya kalenda ile hufanya kati ya siku 120 na 123. Kwa mwandamo dada huyu alipaswa kumaliza mwezi ukiwa wa siku ya 27, ndani ya giza lenyewe, wakati dagaa wanapopatikana kwa wingi. Akawekwa ndani siku tano zaidi. Achilia mbali kwamba mjane mwenye dharura ya riziki ameruhusiwa na wanavyuoni wengi kutoka mchana. Hilo nalo hakuambiwa. Alikuja kutuuliza baadaye, kwa upole, kama siku zile tano zilikuwa za Allah au za kalenda. Hatukuwa na la kumjibu isipokuwa kumwomba radhi, kwa sababu waliomhesabia ni maamuma wetu, na katika miaka yote tuliyowafundisha hatukuwahi kuwafundisha hesabu hiyo.

Kisa cha pili ni cha mfanyabiashara anayepeleka dagaa wakavu Mwanza. Ni mtu mkarimu, na hatuna shaka na nia yake. Kila tarehe 31 Desemba hufunga mahesabu na kutoa asilimia 2.5 ya mali yake. Amefanya hivyo kwa miaka 16. Lakini mwaka wa zaka ni mwaka wa mwandamo, wenye siku 354 au 355, na mwaka wa jua unauzidi kwa siku 11 hivi. Kwa miaka 16 limejikusanya pengo la siku 174, karibu nusu mwaka, na kwa anayeendelea hivyo miaka 32 ya jua, ameruka zaka ya mwaka mzima pasipo kujua. Haki hiyo ni ya mafakiri. Wahasibu wa taasisi za fedha za Kiislamu wamelitambua tatizo hili, na kwa anayelazimika kufunga hesabu kwa mwaka wa jua wameweka kiwango cha asilimia 2.577 badala ya 2.5 ili kufidia siku hizo. Lililo salama zaidi ni mtu achague siku moja ya mwandamo, kwa mfano tarehe 1 Ramadhani au siku mali yake ilipotimia nisabu, aishike hiyo. Ndugu yetu alipoelezwa alikaa kimya kidogo, kisha akauliza deni lake ni kiasi gani.

Wapo watakaosema kuwa hesabu za tarehe ni mambo ya ofisini, na msikiti una makubwa zaidi. Basi na wakumbuke kuwa kalenda yetu ya Hijra yenyewe ilizaliwa kwa mambo ya ofisini. Katika ukhalifa wa Umar (r.a.) ililetwa hati ya deni iliyoandikwa kuwa malipo yake ni Shaabani. Akauliza: Shaabani ipi, hii tuliyo nayo, iliyopita au ijayo? Na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) naye alimwandikia kulalamika kwamba barua zinamfikia zikiwa hazina tarehe. Umar akawakusanya maswahaba. Wapo waliopendekeza hesabu ya Warumi, wapo waliopendekeza ya Wafursi, nazo zote hazikuridhiwa. Wakakubaliana waanzie Hijra, na mwaka uanze Muharram. Hayo yalikuwa katika mwaka wa 17 kwa kauli iliyo mashuhuri. Maswahaba wale hawakukaa kuyalaani majina ya miezi ya Kirumi. Walijitengenezea hesabu yao wakaitumia, na deni likajulikana litalipwa lini.

Hatusemi kwamba jua halina haki yake. Swala zetu tano zinafuata jua, mkulima wa Butiama na Bunda anapanda kwa majira ya jua, na mabaharia wa pwani yetu waliushika mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, wakiuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wazijue pepo za Kaskazi na Kusi. Tarehe ya kizungu tutaitumia shuleni, benki na hospitali, na mtoto wetu wa darasa la tano ameshaambiwa aiandike bila hofu. Tunachokikataa ni kwamba hiyo iwe ndiyo pekee tunayoijua.

Ipo pia sunna iliyokufa mikononi mwetu kwa kukosa tarehe, nayo ni saumu ya masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa mwandamo, ambayo Mtume (s.a.w.) aliwahimiza maswahaba zake. Nani ataifunga iwapo hajui leo ni ngapi? Na tazameni rehema ya Mola wetu kwa watu wa ziwa: masiku hayo matatu ni yale yale ambayo mbalamwezi imewazuia wavuvi wa dagaa wasitoke. Wapo nyumbani, hawakeshi majini, na miili yao imepumzika.

Kwa hiyo, baada ya mashauriano na kamati ya msikiti, tumeafikiana yafuatayo hapa Makoko, na tunaiomba misikiti mingine ya Musoma ifikirie kufanya hivyo. Ubao mdogo umetundikwa karibu na mlango wa kutawadhia, na muadhini ataandika tarehe ya mwandamo kila siku baada ya adhana ya Magharibi, kwa kuwa siku yetu huanza hapo. Madrasani, kuanzia darasa la awali, tarehe itaandikwa mbili juu ya ubao, ya mwandamo kulia na ya jua kushoto, na watoto watafundishwa majina ya miezi kwa Kiarabu pamoja na majina ya mifungo kama walivyoyahesabu wazee. Akina mama waliofiwa au kupewa talaka watahesabiwa eda zao na mwalimu wa darasa la wanawake, na watapewa tarehe ya kumaliza kwa maandishi. Wenye mali wanaotaka kusahihisha mwaka wa zaka zao waonane na katibu wa kamati siku za Jumamosi baada ya Alasiri, na siri zao zitahifadhiwa. Jioni za tarehe 13, 14 na 15 futari itatengwa uani kwa watakaofunga.

Kuhusu kuutazama mwezi jioni ya kila siku ya 29, si ya Shaabani na Ramadhani peke yake, tumemwomba baba wa yule mtoto atuongoze. Upeo wa magharibi juu ya ziwa uko wazi kutoka mwaloni, na macho yake yamezoea. Amekubali, kwa sharti kwamba tumalize mapema, maana usiku huo ni wa giza na mtumbwi wake utakuwa unamngoja.

Wabillahi tawfiiq.